Sahani Iliyobaki Ndani: Chakula Tulichotupa Mwaka wa Korona

(Nasaha iliyotolewa mbele ya vijana, wake kwa waume, mtaani Umoja, Nairobi, siku chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhan. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, dada zangu, na nyinyi wazee wangu mlioketi huko nyuma, nawashukuru kwa kunialika. Niliambiwa nije nizungumze juu ya israfu ya chakula. Kusema kweli nilipoambiwa nilicheka kidogo, maana mada hii tunaisikia kila mwaka. Khatibu anapanda mimbari, anatuambia tusipike kupita kiasi, sisi tunaitikia kwa vichwa, halafu tunarudi nyumbani tunakuta sambusa, bhajia, kaimati, viazi karai, tambi, uji wa pilipili manga, na pilau inangoja kwenye hotipoti. Si ndio? Mbona mnacheka, kwani nasema uongo?

Kwa hivyo leo sitaanza na hukumu. Hukumu mnaijua. Aya ya 31 ya Suratul A'raaf inaturuhusu kula na kunywa na papo hapo inatukataza israfu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba tonge likianguka tuliokote, tuliondoe uchafu, tulile, wala tusimwachie shetani. Hayo mmesoma madrasa tangu mkiwa wadogo. Mimi nataka kuwarudisha mwaka 2020, kwa sababu mwaka ule nilijifunza jambo juu ya nyumba yangu mwenyewe, na jambo lenyewe si la kujivunia.

UNGA WA MWEZI WA TATU

Wengine wenu wakati huo mlikuwa bado shule ya msingi. Mnakumbuka ile Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya? Jumapili yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Baina ya siku hizo mbili tatu, watu wenye pesa kidogo walikimbilia supamaketi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilinunua bunda zima la unga wa ugali, pakiti kumi na mbili za kilo mbili mbili, na mchele, na sukari, na mafuta, utadhani tunasafiri kwa jahazi kwenda Bara Hindi. Nyumbani kwetu tuko watu watano.

Jirani yangu wa chini, ambaye nitamtaja sana leo, alikuwa ananunua unga wa kupima pale dukani, wa kadogo, nusu kilo leo na nusu kilo kesho. Hakuwa na jinsi ya kununua bunda. Siku mimi nilipobeba langu juu, bei ilikuwa imeanza kupanda, na aliyepandisha ni mimi na wenzangu. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nililifikiria mwezi wa tano, nilipofungua pakiti ya saba nikakuta wadudu wanatembea.

Tukaipepeta. Nyingine tukaitupa.

Sasa watu wa utafiti wanatuambia nini? Mwaka huohuo wa 2020 watafiti wa Tunisia, nchi ya Waislamu kama mnavyojua, waliuliza watu wa majumbani kuhusu chakula wakati wa kufungiwa ndani. Wengi walisema wameanza kupanga manunuzi, wameanza kula kilichobaki, hawatupi kama zamani. Uingereza nako ilipimwa, ikaonekana kwamba utupaji wa mikate, maziwa, viazi na kuku ulishuka sana mwezi wa Aprili watu walipokaa nyumbani, halafu ulipofunguliwa mji ukaanza kupanda tena. Yaani mtu akiwa na hofu ya kesho, anakiheshimu chakula. Hofu ikiondoka, heshima nayo inavaa viatu inatoka.

Hapa Eastlands mambo yalikuwa hivyo na hayakuwa hivyo. Ni kweli watoto waliokuwa wakikataa chakula cha jana walianza kukila. Mnajua ile tabia ya siku hizi, mtu akishapata friji na sofa la kona anasema kiporo ni chakula cha mbwa. Korona ilituvua hiyo jeuri kidogo. Wali wa jana ukakaangwa na vitunguu, ugali wa jana ukaliwa na chai wakati wa daku, na ikaonekana kumbe mama zetu wa Pumwani na Majengo hawakuwa washamba walipotulea hivyo. Lakini palikuwa na chakula kingine ambacho hakikuwahi kutupwa zamani, na korona ndiyo iliyotufundisha kukitupa.

NUSU SAA KATI YA ADHANA NA KAFYU

Tangu tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Misikiti ilikuwa imeshafungwa. Ramadhan ikaingia mwishoni mwa Aprili, na tarehe 6 Mei Eastleigh nayo ikafungwa peke yake, hoteli na masoko yake yakafungwa, mpaka mwanzoni mwa Juni. Idd tuliswali nyumbani.

Sasa hesabuni wenyewe. Magharibi yetu Nairobi inaingia mwendo wa saa kumi na mbili na nusu. Kafyu saa moja. Una chini ya nusu saa ya kufungua, kuswali, na kama unataka kumpelekea mtu futari, uwe umekwenda na umerudi. Mgeni hawezi kuja. Msafiri hawezi kupita. Yule kijana wa chuo aliyekuwa akifuturu msikitini kila siku kwa sababu chumbani kwake hana jiko, hana pa kwenda. Misikiti na jumuiya nyingi ziligeuza futari ya pamoja ikawa mifuko ya unga, mchele na tende ya kugawa nyumba kwa nyumba, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini mfuko si sahani.

Maana sisi katika mitaa hii tulikuwa na njia yetu. Mama anapika, sufuria ikishuka, kabla watu wa nyumbani hawajala, sahani zinapakuliwa zinafunikwa na sahani nyingine, na mtoto anaambiwa, "Peleka kwa mama fulani, na hii kwa mzee wa kona, na usikimbie." Na sahani hairudi tupu. Itarudi na maandazi, au ndizi mbili, au sukari kidogo, au ikiwa hakuna kitu, dua. Aliyepelekewa si lazima awe Mwislamu. Kwenye ploti zetu Mkikuyu, Mluo, Mkamba, wote walijua kwamba Ramadhan ikiingia, kuna sahani itabisha hodi.

Njia ile ndiyo ilikuwa inamaliza chakula. Mama zetu walipika sufuria kubwa, ndiyo, lakini nusu ya sufuria ile ilikuwa na wenyewe tangu mchele uko kwenye ungo. Mwaka 2020 njia ikafungwa, na sisi tukaendelea kupika sufuria ileile. Mkono umezoea. Mke wangu alikuwa anapima mchele kama alivyopima mama yake, na mimi naona raha, nasema hewaa, nyumba ina baraka. Chakula kinapikwa cha watu kumi na mlango umefungwa kwa ndani.

Mke wangu alitaka kupeleka. Hili nalisema ili msije mkamlaumu. Siku ya pili ya Ramadhan alishapakua sahani ya jirani wa chini, amevaa barakoa, ameshika kitasa. Mimi ndiye niliyesema, "Wewe, unataka watu waseme tumewapelekea korona?" Nikasema tena, "Na sahani ikirudi, unajua imeshikwa na nani?" Basi akairudisha jikoni. Hatukuwahi kuwa na ugomvi na majirani wale. Ilikuwa hofu, na hofu ina sura ya akili. Ungenisikia ungesema huyu ni mtu mwenye tahadhari.

Sasa chakula kimebaki. Siku ya kwanza tunakiweka kwenye friji. Siku ya pili tumepika kingine, kwa sababu nani anataka kufuturu na kiporo? Siku ya tatu friji imejaa. Siku ya nne mke wangu anamimina pilau kwenye gunia la taka na anageuza uso.

Wale vijana wa taka wanaopita na mkokoteni kila Jumamosi, wale wanajua siri za nyumba zetu kuliko ma-sheikh wetu. Jumamosi moja mmoja wao aliinua gunia letu, akaliona zito, akafungua kidogo. Akaniangalia akasema, "Mzee, nyinyi hamkupunguzwa kazi?" Basi. Hakusema lingine. Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia afanye kazi yake.

ALIYEKUWA CHINI

Jirani wa chini alikuwa mama mwenye watoto watatu, kazi yake kufua nguo kwa watu, Buruburu na Donholm. Korona ilipoingia, wenye nyumba wakamwambia asije, wanaogopa. Wanaogopa kama mimi nilivyoogopa. Hakufukuzwa kwa ubaya, aliambiwa tu "tutakuita." Hawakumwita mpaka Septemba.

Mimi sikujua. Ngazi ileile, mlango uleule tunaopita, sikujua. Nilijua mwezi wa saba, mji umefunguliwa kidogo, tumekutana pale bombani tunangoja maji. Tukazungumza mambo ya korona, kila mtu anaeleza alivyopita. Akasema, bila ya kunilaumu, kama mtu anayesimulia habari ya mvua, "Sisi jioni nilikuwa nalaza watoto saa kumi na mbili. Nikichelewa, harufu ya chakula chenu inaingia kwa dirisha, wanaanza kuuliza."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno, mnaniona. Siku ile sikupata neno.

Nilipanda juu nikahesabu. Futari zote zile. Ngazi ni kumi na sita. Chakula kilichoshindwa kushuka ngazi kumi na sita, kilishuka ngazi hizohizo kwenye gunia la taka, kikapita mbele ya mlango wake.

Mnakumbuka Ramadhan ileile habari iliyosambaa mpaka nje ya nchi, ya mama mmoja Mombasa aliyechemsha mawe ili watoto wadhani anapika, walale? Naye pia alikuwa mfua nguo aliyekosa kazi. Watu wengi walikumbuka kisa cha Sayyidna Umar (R.A.), alivyomkuta mwanamke usiku ana sufuria juu ya moto haina chakula, na alivyobeba unga mgongoni kwake mwenyewe, akakataa kubebewa. Kisa hiki tunakisimulia kwa machozi. Lakini mnaonaje, Umar alijuaje? Alitoka. Alikuwa anatembea usiku akasikia watoto wanalia. Na yule mama wa Mombasa, habari yake ilitoka kwa sababu jirani alisikia watoto wanalia akaingia kuangalia. Mimi wa kwangu hawakulia. Walilazwa mapema.

Kwa hivyo nilipokuwa nikidhani israfu ni tumbo, ni ulafi, ni mtu kujaza sinia, niligundua kuna israfu ya namna nyingine. Nyumbani kwetu hatukula kupita kiasi. Tulipika cha watu kumi tukakifungia mlango. Sufuria haikuwa kubwa mno. Watu wake walizuiwa kuifikia, na aliyewazuia ni mimi.

Na naomba nisieleweke vibaya. Tahadhari ya maradhi ni jambo la dini, wala simlaumu mtu aliyejikinga. Watu walikufa, na humu ndani kuna waliopoteza wazazi. Lakini kulikuwa na njia. Ungeweza kupeleka mchele mkavu na vitunguu, ukaacha mlangoni ukabisha ukaondoka. Ungeweza kutuma mia mbili kwa simu. Ungeweza kuuliza tu. Mimi niliichukua tahadhari nikaifanya pazia.

KINAKWENDA WAPI

Kuna jambo jingine nataka vijana mlijue, nalipitia haraka. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lile lenye makao makuu hapahapa Gigiri, lilitoa ripoti ya chakula kinachotupwa duniani. Kwa Kenya walikadiria kilo 99 kwa kila mtu kwa mwaka, majumbani tu. Tuwe wa haki, humo mna maganda na mifupa pia. Hata hivyo nyumba ya watu watano kama yangu inakaribia nusu tani, yaani zaidi ya magunia matano yale ya kilo tisini. Mtu akikwambia magunia matano ya mahindi yametolewa nyumbani kwako yakamwagwa, si ungeita polisi?

Na yanamwagwa wapi? Dandora. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001, na mpaka miaka hii malori yanaendelea kupanga foleni. Chakula kikioza pale kinatoa gesi na moshi na harufu, na wanaovuta ni watu wa Dandora, Korogocho na Kariobangi. Yaani taka za matajiri wa upande ule wa mji na zetu sisi zote zinaishia Eastlands. Mtu wa Umoja anamwaga pilau, ndugu yake wa Korogocho anaivuta puani. Na kuna watu wanaokula kutoka kwenye jaa lile. Hilo sitalieleza, nendeni mkaone wenyewe, si mbali, ni matatu moja.

SASA TUFANYE NINI

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Misikiti imejaa, alhamdulillah, bega kwa bega. Barakoa zimekuwa matambara. Lakini nataka kuwauliza, na kila mtu ajijibu moyoni: ile sahani ilirudi kutembea? Kwenye ploti yenu, Ramadhan iliyopita, sahani ngapi zilitoka na ngapi ziliingia? Mimi naona milango mingi iliyofungwa mwaka 2020 haikufunguliwa tena. Tulizoea. Sasa tunapika sufuria ya mama, tunaishi kwa mlango wa korona, na picha ya meza tunawapelekea watu wa mtandaoni ambao hawawezi kuonja.

Kwangu tulibadilisha mambo mawili matatu. Sahani ya jirani inapakuliwa kwanza, kutoka juu ya sufuria, nyama ikiwa nzima. Hii ni muhimu. Msije mkatoka hapa mkaanza kugawa viporo, mtu ameshashiba, amechokonoa, ndipo anakumbuka sadaka. Hicho ni kusafisha friji. Kiporo kula wewe mwenyewe. Wali usiuache mezani usiku kucha, unaharibika na unaumiza tumbo. Uupoze upesi, uutie kwenye friji, na ukiupasha upate moto sawasawa, daku imekwisha hiyo. Kama huna friji, pika kidogo, hakuna aibu. Na mchele tunapima kwa kikombe, tunahesabu vichwa, pamoja na vichwa vya chini ya ngazi. Siku ambayo hatupeleki, vikombe vinapungua. Vitafunio ni aina mbili. Watoto walilalamika siku nne, ya tano wakasahau.

Wanaume, na sisi tuingie jikoni tuone. Mimi nilikuwa nasema "nyumba ina baraka" na sijawahi hata siku moja kubeba gunia la taka mpaka barabarani. Ukilibeba utajua uzito wake.

Yule mama alihamia Kayole. Kabla hajahama mke wangu alimpelekea futari Ramadhan mbili mfululizo, na sahani haikuwahi kurudi tupu, hata mara moja alipotuma na mtoto vitunguu vitatu. Tuliomba msamaha, mimi na mke wangu, ingawa mke wangu hakuwa na kosa. Alisema yamepita. Kwake yeye labda yamepita.

Sasa naona mwenyekiti ananionyesha saa, na Magharibi inakaribia. Kuna karatasi inazunguka hapo mbele. Sitaki majina ya watu, tusianike siri za wenzetu. Kila mmoja aandike ploti yake na ngazi yake, na idadi ya milango ambayo hajui nyuma yake kuna nani, au wanakula nini. Ukijua yote, andika sifuri. Kisha kabla mwezi haujaandama, nenda ukabishe hodi kwenye milango hiyo, mikono mitupu, usubiri futari baadaye. Jumamosi ijayo baada ya Alasiri turudi na karatasi zetu tuangalie zimepungua kwa kiasi gani. Yangu mimi nimeshaandika. Ni minne.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.